Mkuku Huwekwa Kwanza: Hotuba kwa Wazazi wa Likoni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi, Likoni, mbele ya wazazi wa chekechea na kina mama wa kliniki. Waliokwama ng'ambo kwenye foleni ya feri wamekuwa wakiniuliza nilisema nini. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na mzaha mmoja juu ya mwenyekiti nimeuacha pia. Mwenyewe anajua sababu.

Assalamu aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, hamjambo? Na nyinyi kina baba mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, mmekaa mkao wa kukimbia, nawaona. Hamjambo?

Nianze na swali. Mwenye mtoto wa chekechea anyoshe mkono. Haya, wengi. Sasa niambieni, mtoto huyo masomo yake yalianza lini? Mama pale anasema Januari. Baba anasema alipotimiza miaka minne. Mzee wangu anasema madrasa, alipokuwa na mitatu. Nani ana jibu jingine? Hakuna?

Basi nyote mmechelewa kuhesabu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kuunda madau. Nikiwa mdogo nilikuwa nikikaa kwenye vumbi la mbao kumtazama. Kitu cha kwanza kuwekwa ni mkuku, lile gogo refu la chini linalobeba chombo chote. Juu yake yanakuja mataruma, kisha mbao, kisha kalafati. Siku ya kuweka mkuku hakuna mtu anayekuja kutazama. Kuna nini cha kutazama? Gogo limelala mchangani. Watu hujazana siku ya kushua chombo: ngoma, pilau, vigelegele. Lakini mkuku ukiwa umepinda, tweka tanga la hariri ukitaka, chombo kitakwenda mrama.

Sherehe zetu za mtoto ni zipi? Siku anayozaliwa. Arobaini. Siku ile anayovalishwa joho na kofia kumaliza chekechea, mkapiga picha na keki. Zote ni siku za kushua. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya mkuku: ubongo wa mtoto, unaoanza kujengwa akiwa tumboni.

Nimekuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 24. Nitawapa namba moja, muishike hata mkisahau mengine yote: siku 28. Tangu mimba itunge mpaka siku ya 28, ule mfereji mdogo utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unakuwa umeshajifunga. Hesabuni nami. Mwanamke anayeona mwezi wake sawasawa, siku hiyo hedhi imempita wiki mbili hivi. Huenda anasema ni joto, ni uchovu. Mume hajui. Mama mkwe hajui, na mama mkwe ndiye hujua mambo kabla hayajatokea! Na mkuku tayari umeshawekwa.

Nilimpokea msichana mmoja wa miaka 22, mimba ya kwanza. Alianza kliniki mwezi wa tano, kama wengi wetu, kwa sababu tunaona haya, na tunaogopa mimba ikitajwa mapema itapata kijicho. Hakuugua. Alikula, alilala, alihudhuria. Mtoto akazaliwa na mgongo wazi. Kinundu laini hapa chini kiunoni, miguu haichezi, na baada ya wiki chache kichwa kikaanza kujaa maji. Mnajua swali la kwanza aliloulizwa yule msichana, kabla hata damu haijakauka? "Ulipita wapi usiku?" Ulikula nini, ulimcheka nani, ulipita makaburini saa ngapi?

Hakupita popote. Mwili wake ulikosa folik asidi katika zile siku 28. Si kila mtoto wa mgongo wazi ni kwa sababu hiyo, ziko sababu nyingine, lakini hiyo ndiyo tunayoweza kuiziba, na kwa bei rahisi mno. Maikrogramu 400 kwa siku, kidonge kimoja, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi miezi mitatu ya mwanzo. Kabla! Ukianza mwezi wa tano, endelea, kidonge kina faida nyingine, ila mfereji ule hausubiri mtu.

Na yule ambaye tayari amewahi kuzaa mtoto wa namna hii, yeye dozi yake ni kubwa zaidi na inatolewa na daktari. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioendeshwa katika nchi saba, wa kina mama waliokuwa wamezaa mtoto wa aina hiyo. Waliopewa folik asidi kabla ya mimba iliyofuata, hatari ya kurudiwa na jambo lile ilipungua kwa asilimia 72. Yule msichana wangu nilimwandika kwenye daftari, nikamfuata nyumbani mara tatu, mara ya tatu nikamkuta mumewe nikamweleza yeye. Mtoto wa pili ni msichana, yuko darasa la pili sasa, na mdomo wake hautulii.

Kwa hivyo nawaomba masomo mliopo hapa, nyinyi mnaowafunda bi harusi. Mnawafundisha udi, mnawafundisha kujifusha, mnawafundisha mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya mwenyekiti. Ongezeni kidonge. Sanduku la bi harusi likija na mafuta na manukato, liwe na pakiti ya folik asidi pembeni. Itakuwa aibu? Aibu ya nini, si ameolewa?

Unga nao umo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani utiwe madini na vitamini, folik asidi ikiwemo. Ule unaosaga kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauna. Sisemi usile sima ya kinu, mimi mwenyewe naila, ina ladha. Nasema usidhani imekupa ambacho haikukupa.

Vidonge vya kuongeza damu mnavijua. Kliniki vinatolewa bure, chuma na folik asidi pamoja, na nyingi ya pakiti hizo huishia juu ya kabati. "Vinanichafua roho." Ni kweli vinachafua. Meza usiku unapolala. Lakini kosa kubwa ninaloliona hapa Pwani ni hili: mtu anameza kidonge cha chuma kwa kikombe cha chai ya maziwa! Chai inakikamata chuma tumboni, hakiendi popote. Meza kwa maji ya ndimu, kwa ukwaju, kwa ubuyu uliokorogwa. Ubuyu una vitamini C nyingi. Chai ikae mbali saa moja au mbili. Bila chuma damu haibebi hewa ya kutosha, na ubongo wa mtoto ndiyo mlaji mkubwa wa hewa hiyo.

Samaki kuleni. Vidagaa, tasi, changu, vizuri kabisa, mafuta yake yanajenga ubongo. Ila mjamzito amsamehe papa, hata papa wa ng'onda na ndimu na pilipili. Najua, najua! Nimesikia mtu akiguna. Papa ni samaki mkubwa anayekula samaki wengine miaka mingi, zebaki inajikusanya ndani ya nyama yake, na zebaki inavuka hadi kwa mtoto. Ni miezi tisa na muda wa kunyonyesha tu, atakungoja. Na mayai? Tuliambiwa mjamzito akila mayai atazaa mtoto kipara. Nimezalisha watoto wengi vipara ambao mama zao hawakuonja yai.

Chumvi iwe ya pakiti yenye madini ya joto. Mashamba ya chumvi ya Gongoni yako huku huku Pwani, na wapo wanaonunua chumvi ghafi ya gunia kwa sababu ni rahisi. Hiyo ni ya kukaushia samaki. Upungufu wa madini ya joto kwa mama mjamzito unaweza kumfanya azae mtoto mwenye akili iliyodumaa, na hapana dawa ya kurudisha. Kwa tofauti ya shilingi chache!

Sasa nitakaa kidogo juu ya jambo ambalo halisemwi kliniki, nalo ni letu hasa watu wa Mombasa.

Risasi. Si ya bunduki, tulieni. Ni madini, yale mazito ya kijivu. Mwili wa mtoto hudanganyika ukayadhani kalsiamu, ukayakaribisha ndani, ukayaweka kwenye mifupa na kwenye ubongo. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Na aliyepungukiwa na chuma hufyonza zaidi bado. Mnaona kidonge kile kinarudi? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huoni kidonda, husikii homa. Mtoto anakuwa mzito tu wa kushika mambo, hatulii, mwalimu anasema ni mtundu, mzazi anachukua mwiko.

Mnapajua Owino Uhuru, kule Mikindani? Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ubavuni mwa nyumba za watu. Moshi mchana, moshi usiku. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale pale. Mwanawe mchanga akaugua, wakahangaika naye hospitalini mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Ilikuwa imempitia kwenye maziwa ya mama. (Msinielewe vibaya, aliyekosa ni kiwanda, si ziwa.) Mama huyu hakunyamaza. Alitishwa, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ikapingwa kwenye rufaa, ikaangushwa, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu Zaidi ilipoirudisha. Hesabuni miaka. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa, siku ya hukumu ya mwisho alikuwa na miaka 17. Ubongo wake haukuwa unangoja majaji.

Mtasema, "Sisi hatuishi Owino Uhuru." Ni kweli. Lakini nimewahi kuingia nyumba moja upande huu wa Likoni nikamkuta mvuvi anayeyusha risasi ya kutengeneza chubwi za wavu, kwenye sufuria, jikoni, mkewe ana mimba ya miezi saba amekaa mlangoni anachambua mchele. Nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna nyoka. Kazi ile ifanywe mbali na nyumba, upepo unakoelekea pasiwe na mtoto, sufuria ile isirudi jikoni, na shati livuliwe kabla ya kumpakata mtoto.

Na wanja. Mimi mwenyewe nina picha ya arobaini yangu, nyusi zimechorwa kama za mwimbaji wa taarabu, kumbe nina siku arobaini. Baadhi ya wanja wa jiwe umetengenezwa kwa madini ya risasi hasa. Sisemi wote. Lakini kwa jicho huwezi kuutambua, na mtoto anajifuta macho kisha anaweka mkono mdomoni. Bibi zangu, nawashika miguu: mchoreni leso, mchoreni mto, jicho la mtoto liacheni.

Nikiwa bado nawaudhi mabibi, niendelee. Mtoto amezaliwa, ni wa kiume, kilo tatu na nusu, analia vizuri. Bibi yake amefungua sanduku ambamo nguo za kitoto zimetunzwa tangu mjukuu wa kwanza, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo. Nguo zinanukia. Mtoto akavalishwa moja kwa moja, hazikufuliwa. Siku ya tatu macho yakawa rangi ya manjano. Walikompeleka kwanza, sitapataja, wakaambiwa wamtoe jua la asubuhi. Wakamtoa. Siku ya tano hataki kunyonya, analala tu, manjano imefika nyayoni. Siku ya sita akaletwa kwetu amejipinda mgongo kama upinde.

Mtoto huyo yuko hai. Ana miaka tisa. Hasikii vizuri, na mikono na miguu yake haimtii. Akili yake naiona machoni, inataka kutoka, haina njia.

Nini kilitokea? Hapa Pwani, kama sehemu zote zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, wako watu wengi, hasa wanaume, ambao damu yao imepungukiwa na kimeng'enya kimoja kinachoitwa jii-siksi-pidii. Wanaishi vizuri tu, hawajui kitu. Lakini chembe zao za damu zikikutana na vitu fulani, mojawapo vile vidonge vyeupe, zinapasuka nyingi kwa mara moja. Zikipasuka, manjano inapanda, na ikipanda sana inaingia kwenye ubongo. Hina nayo inaweza kufanya vivyo hivyo kwa mtoto mchanga wa damu hiyo. Kwa hivyo nguo zilizokaa na vidonge vile mtoto asivalishwe. Mnunulie chache mpya au azimeni kwa jirani. Hina asipakwe mpaka akue.

Manjano kidogo siku ya tatu ni ya kawaida kwa watoto wengi, hupita. Ila ikitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, au ikifika viganjani na nyayoni, au mtoto akikataa ziwa, msimwanike juani. Jua si tiba ya hapo. Pandeni tuktuk, pandeni bodaboda, pandeni feri usiku wa manane, nendeni hospitali awekwe chini ya ile taa ya buluu. Ni taa tu! Siku mbili chini ya taa, na mtoto yule leo angekuwa anacheza mpira.

Samahani. Kisa hiki kila nikikisimulia sauti yangu hubadilika.

Haya, tusimameni kidogo tunyoshe miguu. Paukwa!

(Wakaitika: Pakawa!)

Paukwa!

(Pakawa!)

Sasa nitasema tena, na safari hii mtu asiitike. Paukwa! ... Paukwa! ... Mnaona ninavyojisikia hapa mbele? Nimekuwa mpumbavu. Nikisema mara ya tatu bila jibu, nitashuka jukwaani niende zangu.

Mtoto mchanga anaanza kusema Paukwa kabla hajazaliwa. Karibu na mwezi wa sita wa mimba masikio yake yanafanya kazi, anakusikia ukimteta jirani. Akizaliwa anaitambua sauti yako. Akikutazama, ni Paukwa. Akitoa "aguu", ni Paukwa. Akinyosha kidole kwenye paka, ni Paukwa. Nawe ukimtazama, ukamwambia, "Ee, paka huyo, ana mkia," umeitikia Pakawa. Wakati huo huo, ndani ya kichwa kile, nyuzi za ubongo zinafungana. Wanasayansi wanakadiria katika miaka ya mwanzo ni zaidi ya nyuzi mpya 1,000,000 kila sekunde. Nikimaliza sentensi hii zimeshafungana milioni kadhaa kwenye kichwa cha huyu binti aliyelala hapa mbele. Zinazotumika zinakazwa. Zisizotumika zinakatwa.

Miaka ya sabini mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jambo rahisi. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, wanachekeana. Kisha anaambiwa akaushe uso kwa dakika mbili hivi, asicheke, asinune, atazame tu kama ukuta. Mtoto anafanya nini? Kwanza anacheka kumvuta mama. Halafu anapiga makelele. Ananyosha mikono. Anajaribu kila alichowahi kujaribu. Mwisho anageuza uso pembeni na kulia. Dakika mbili! Mama yule alikuwa ameagizwa. Sisi nani ametuagiza? Nimekaa kliniki nikahesabu: kina mama kumi kwenye benchi wananyonyesha, saba wako kwenye simu. Mtoto yuko kifuani, macho juu, Paukwa, Paukwa, na uso wa mama umekauka kwa sababu anasoma ugomvi wa watu asiowajua.

Sitawaambia mtupe simu. Yangu hii hapa mfukoni. Nasema mtoto akinyonya, mtazame yeye. Na kumpa simu yeye ili anyamaze, hapo nakataa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: chini ya mwaka mmoja asiangalie kioo cha simu wala televisheni kabisa, wa miaka miwili hadi minne usipite saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Katuni haiitiki Pakawa. Mtoto akisema "paka", katuni inaendelea na mambo yake.

Mtu ataniuliza, "Bibi, hayo ni ya wenye nafasi. Mimi nauza mahamri tangu saa kumi na moja alfajiri." Basi sikilizeni ya Jamaika. Kingston ni mji wa bandari kama wetu, joto kama letu, na mitaa yenye dhiki kama yetu. Mnamo 1986 na 1987 walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24, wa familia maskini. Baadhi yao walikuwa wakitembelewa na mhudumu wa afya wa mtaani saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili. Saa moja tu! Hakuja na mashine. Alikuja na vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake. Watafiti wakawafuata watoto wale. Miaka 20 baadaye, wale waliochezewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kuliko wenzao kwa asilimia 25.

Vitu gani vya nyumbani? Kifuu cha nazi na kijiko. Kopo lenye pojo ndani, lifungwe sawasawa asije akazimeza. Vifuniko vya chupa vikubwa. Leso ya kujifichia: "Mama yuko wapi? Huyu hapa!" Anayekaanga mahamri na aseme anachofanya: "Nasukuma. Nakata. Hili limefura, hili limegoma." Hilo ni darasa kamili.

Na semeni nao lugha yenu. Hapa nina uchungu kidogo. Mama ni Mdigo, baba ni Mgiriama, bibi anasema Kiswahili cha kupendeza, na mtoto wa mwaka mmoja anasemeshwa Kiingereza cha maneno kumi, "kamu hia, siti dauni", eti aizoee shule. Maneno kumi! Mtoto aliyepaswa kusikia bahari anapewa kikombe. Kidigo hakimharibu, Kigiriama hakimharibu, zote tatu hazimharibu. Kiingereza atakikuta darasani kinamngoja, hakiendi popote.

Kina baba, nilisema nawaona. Mimba ina miezi tisa na wengi wenu mnaihesabu kuwa kazi ya wanawake. Mama anayepigwa, anayetukanwa, anayelala hajui kodi italipwaje, mwili wake unamwaga homoni za hofu mchana na usiku, na mtoto anaogelea humo humo. Katika nchi kama yetu karibu mama mmoja kati ya watano hupatwa na sonona baada ya kuzaa. Analia bila sababu, hataki kumshika mtoto, anasema maneno ya kutaka kufa. Si jini, na hata ukiamini ni jini, mpeleke na hospitali pia. Kazi yako nyingine? Neti mkeo alale ndani yake. Muguka usiutafune chumbani naye, na asiutafune yeye. Sigara nje.

Mimi namjua dereva mmoja wa tuktuk wa Mtongwe. Mkewe alirudi kazini, wakakosa wa kumwachia mtoto asubuhi. Akawa anamfunga kifuani kwa leso mpaka saa tatu bibi arudi sokoni, haendeshi, anafua tuktuk na kuibadilisha oili. Wenzake wakamcheka kituo kizima. Yeye anamwambia mtoto, "Hii spana namba kumi. Hii kumi na mbili." Binti yule alipoanza kusema, neno lake la pili lilikuwa spana. Mama yake alikasirika mpaka leo.

Nimeonyeshwa saa. Pale mezani kuna dada wawili na mzani. Wenye watoto chini ya miaka mitano wapimwe kabla hamjaondoka, mje na kijitabu cha mama na mtoto, na aliyekipoteza asijifiche, aseme tu. Wasichana mliopanga harusi baada ya Ramadhani, mimi nitakaa kiti kile cha pembeni, njooni mmoja mmoja, sitauliza jina la mtu. Mwenye sanduku lenye vidonge vyeupe, leo ukifika nyumbani lifungue.

Na wewe baba uliyesimama mlangoni na mtoto begani, tangu nianze nimekuona unamnong'oneza. Sijui unamwambia nini. Endelea.

Asanteni.